Haibridi, umeme au gesi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi na wenye magari

Majibu haya yamelengwa kwa anayenunua au anayemiliki gari lililotumika Japani likashushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kila kampuni ilichagua njia yake ya kupunguza mafuta na moshi, na magonjwa ya gari hufuata njia hiyo. Ukiujua mtambo ulivyojengwa, utajua pia pa kuchungulia kabla ya kulipa.

Haibridi, e-Power, PHEV na umeme kamili zinatofautianaje?

Toyota ilitoa Prius ya kwanza Desemba 1997. Ndani yake injini ya petroli na mota za umeme hushirikiana kuzungusha magurudumu, na betri hujichaji gari linapopunguza mwendo au injini inapokuwa na nguvu ya ziada. Hakuna pa kuchomeka waya. Aqua, iliyoanza kuuzwa Desemba 2011, inafuata mfumo huohuo kwa injini ya lita 1.5.

Nissan Note e-Power ya Novemba 2016 ni habari nyingine. Injini yake ya lita 1.2 haigusi magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzalisha umeme, na mota ndiyo inayosukuma gari. Ukimsikia muuzaji akisema e-Power "ni gari la umeme, lichaji tu nyumbani," ujue ama hajui ama anakudanganya, kwa sababu halina soketi.

PHEV ni haibridi yenye betri kubwa zaidi na soketi ya kuchajia. Mitsubishi Outlander PHEV ya 2013 ina betri ya uniti 12. Nissan Leaf, iliyoanza Desemba 2010, haina injini wala tangi. (Uniti tunayoitaja hapa ni ileile unayonunua kwenye luku au tokeni.)

Kwa nini mafundi wengi husema Aqua na Prius ni ngumu kufa?

Kwa sababu Toyota iliondoa vitu vinavyokufa. Hakuna stata, hakuna altaneta, hakuna kilachi, hakuna mikanda ya nje ya injini. Ile inayoitwa gia boksi ni gia za sayari zenye mota mbili. Jina lake ni CVT (gia boksi isiyo na hatua za gia) lakini haina ule mkanda wa chuma unaokatika kwenye CVT za kawaida. Kwa hiyo usikubali kumwagiwa humo oili ya CVT. Inatakiwa Toyota ATF WS, lita 3 na ushee, na ni vyema ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 100,000 hata ukiambiwa kwamba ni ya maisha.

Breki nazo hudumu, maana kazi kubwa ya kupunguza mwendo hufanywa na mota. Sehemu ya breki inayoleta hasara ni pampu ya presha. Ukisikia ikilia kila baada ya sekunde chache huku hujagusa pedali, presha inavuja ndani, na kompyuta mara nyingi itaonyesha msimbo wa hitilafu C1391. Si kitu cha kufunguliwa na kutolewa hewa kienyeji, kwani kazi hiyo huhitaji mashine ya kusoma kompyuta.

Betri kubwa ya haibridi hudumu muda gani, na huuawa na nini?

Miaka 10 si ajabu, na zipo zinazopita hapo. Tofauti kati ya betri iliyokufa mapema na iliyozeeka vizuri mara nyingi ni vumbi.

Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni ya nikeli, ina moduli 20 (betri ndogo zilizounganishwa) zenye volti 7.2 kila moja, jumla volti 144. Prius ya 1.8 (ZVW30) ina moduli 28, volti 201.6. Hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Mizigo, koti la mtoto, nywele za mbwa, vumbi la barabara ya muramu, vyote huishia kwenye tundu hilo. Hewa ikipungua, moduli za katikati hupata joto kuliko za pembeni, huchoka kabla ya wenzake, na betri nzima hufuata udhaifu wa ile iliyo dhaifu kuliko zote.

Kwa hiyo: usiweke kitu mbele ya tundu. Kila kilomita 20,000 (10,000 kama unaendesha barabara za vumbi) toa kifuniko usafishe chujio, na angalau kila miaka 2 fundi afungue na kusafisha feni yenyewe. Siku ya jua kali, fungua vioo kwanza joto litoke, kisha washa kiyoyozi. Watu hudhani kiyoyozi kinamaliza betri, ilhali hewa baridi ya ndani ndiyo inayoipoza.

Kompyuta imeonyesha P0A80. Ninunue betri nzima au nibadilishiwe moduli chache?

P0A80 maana yake kompyuta imeona moduli hazilingani tena. Kabla ya kutoa pesa, mwombe fundi akuonyeshe volti za kila bloku gari likiwa linaendeshwa, likipanda kilima na likishuka. Kwenye Prius utaona bloku 14, kila moja moduli mbili. Zikiwa zimetulia zote zitaonekana sawa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Chini ya mzigo, bloku moja ikianguka kuliko nyingine kwa zaidi ya takriban volti 1, umeipata mgonjwa.

Kubadilisha moduli moja au mbili kunaweza kukupa miezi michache. Zilizobaki zina umri uleule na zimepitia joto lilelile, kwa hiyo baada ya muda itaanguka nyingine, nawe utalipa ufundi upya. Ushauri wetu: kama gari unaliuza mwezi ujao, mwambie mnunuzi ukweli na umpunguzie bei. Kama unabaki nalo, weka betri nzima yenye dhamana ya maandishi. Ukilazimika kuchanganya moduli, zipimwe uwezo moja moja kwa kuchajiwa na kumalizwa mara kadhaa, na zisichaguliwe kwa volti peke yake.

Kuna visa ambapo moduli ni nzima kabisa na shida ni vipande vya shaba vinavyoziunganisha: vimeota kutu ya kijani. Visafishwe ving'ae, nati zikazwe kwa rinchi ya kipimo, Nm 5.4. Ukikaza kwa nguvu ya mkono utang'oa nguzo ya moduli.

Kwenye foleni niweke N ili kupumzisha gari?

Hapana. Haibridi ya Toyota ikiwa kwenye N haichaji betri kubwa, hata injini ikiunguruma. Ukikaa saa nzima Mombasa Road au Ubungo kwenye N huku kiyoyozi kinafanya kazi, betri inakwisha polepole na mwisho utaletewa onyo. Baki D ukiwa umekanyaga breki, au weka P.

Jambo jingine la namna hiyo: usikubali petroli iishe. Gari litajikokota kwa betri kilomita chache, betri itakauka, na chaja ya kawaida ya gereji haiwezi kuifufua.

Gari haliwaki, dashibodi inawaka hafifu au inameta. Betri kubwa imekufa?

Karibu kila mara ni ile ndogo ya volti 12. Haibridi huitumia kuamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikishuka, neno READY halitokei hata betri kubwa ikiwa imejaa. Pima: gari likiwa limezimwa na kutulia inatakiwa volti 12.4 au zaidi. Chini ya 12, ichaji au ibadilishe.

Kwenye Aqua na Prius betri hii iko ndani ya gari upande wa nyuma, ndiyo maana inatakiwa iwe ya AGM (ambayo tindikali yake imenyonywa ndani, haimwagiki) yenye bomba la kutolea hewa nje. Betri ya maji ya bei poa itatoa mvuke wa tindikali ndani mwa abiria. Kuazima umeme kuna ncha ya chanya chini ya boneti, ndani ya boksi la fyuzi. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde moja, unaweza kuunguza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea mota), na bei yake itakuliza.

Gari likikaa bila kutumika, liwashwe hadi READY dakika 30 kila baada ya wiki moja au mbili.

Oili na kulanti je?

Oili ya injini ni 0W-20: lita 3.7 kwa Aqua na 4.2 kwa Prius ya 1.8, ukibadilisha na filta. Oili nzito ya 20W-50 huifanya injini inayozima na kuwaka mara mia kwa siku ichelewe kupata mafuta kila inapoamka.

Kulanti ndiyo inayosahaulika. Kuna matangi mawili: la injini na la inveta. Liangalie la inveta gari likiwa READY. Maji yanapaswa kuonekana yakicheza. Yakitulia kama ya kisima, pampu imekufa, na ukiendelea kuendesha utaletewa P0A93 na gari kukosa nguvu kwenye mlima. Tumia kulanti ya waridi ya Toyota au inayolingana nayo. Maji ya bomba yenye chumvi, hasa ya Pwani, hujenga ukoko kwenye njia nyembamba za inveta.

Prius yangu ya 1.8 hutikisika ikiwaka asubuhi kisha hutulia. Ni plagi?

Anza na plagi na koili, ni rahisi. Lakini kama kulanti inapungua bila kuona tone chini, shuku gasketi ya silinda hedi. Njia ya ugonjwa ni hii: mfumo wa EGR hurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili kupunguza joto na sumu, kipozeo chake huziba masizi, silinda zinapata moshi kwa viwango tofauti, joto linapanda, gasketi inaachia. Usiku kulanti huchuruzika ndani ya silinda, na asubuhi injini hugongagonga hadi maji yaungue.

Kipimo: injini ikiwa baridi, pandisha presha ya mfumo wa maji hadi takriban bar 1, iache usiku kucha, kisha toa plagi uchungulie kwa kamera ndogo. Kama bado hujafika huko, safisha kipozeo cha EGR na vijitundu vya manifodi kila kilomita 100,000. Kazi hii ni ya siku moja. Gasketi ni ya wiki.

Honda Fit haibridi ni rahisi kuliko Aqua. Ninunue?

Fit ya 2013 kuendelea (GP5) ina gia boksi ya kasi 7 yenye kilachi mbili kavu. Barabarani inapendeza kuiendesha. Kwenye foleni ya kusogea hatua mbili na kusimama, kilachi hupata joto, gari huanza kuruka na kuonyesha onyo la gia boksi. Honda yenyewe iliziita gari hizi zirudi kurekebishwa mara kadhaa Japani mwaka 2013 na 2014. Ukiipata, hakikisha programu ya gia boksi ilisasishwa, na ijaribu kwa dakika 40 kwenye msongamano, kilima kikiwamo. Jaribio la kuzunguka yadi ya muuzaji halitoshi.

Nissan Leaf inakaguliwaje?

Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kupoza betri kwa maji wala feni. Uamuzi huo uliishusha bei na uzito, na ndio unaoifanya izeeke haraka palipo na joto. Iliyoishi Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, itakuwa na hali nzuri kuliko pacha wake aliyeishi Mombasa.

Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vistari 12 vya afya. Cha kwanza hupotea betri ikipoteza asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja kama 6.25. Kwa hiyo vistari 9 maana yake uwezo uko karibu asilimia 70, ingawa macho yanakuambia 75.

Sasa ulaghai. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vistari 12 vikarudi vyote, kisha vikaanza kupungua tena baada ya wiki chache. Ili usiingie mtegoni, nenda na kifaa cha OBD2 cha Bluetooth (huchomekwa garini kusoma kompyuta) na programu ya LeafSpy kwenye simu. Soma mambo matatu: SOH, yaani asilimia ya afya, Ah, yaani ampea-saa za betri, ambayo kwa betri mpya ya uniti 24 ni kama 65, na tofauti kati ya seli, kwa milivolti. Kisha endesha kilomita 20 huku chaji ikishuka kuelekea 20%, kanyaga mafuta (tuseme hivyo tu, kwa mazoea) kwenye kilima, uangalie tofauti hiyo. Seli moja ikizama mbali na nyingine 95, gari litakuzimikia na kipimo kikiwa bado kinaonyesha chaji. Vistari haviwezi kukwambia hilo.

Betri zipo za uniti 24, 30, 40 (tangu Oktoba 2017) na 62. Kwa mwendo wa kawaida uniti 1 hukupeleka kilomita 6 au 7. Leaf ya 24 iliyo na afya ya asilimia 70 ihesabie kilomita 90, na usipange safari ya zaidi ya 70. Mkenya akumbuke pia sheria ya miaka 8: gari lililozidi umri huo halishushwi bandarini, kwa hiyo za 24 zinazouzwa sasa ni zile zilizokwisha kuingia zamani na kupigwa jua la hapa.

Ninahitaji nini ili kuchaji nyumbani?

Laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, isiyogawana na pasi wala hita ya maji. Waya wa milimita mraba 4, sakiti breka ya ampea 20, kinga ya kuvuja umeme ya milliampea 30, na athi (waya wa ardhini) ya kweli. Athi ndiyo huwashinda wengi: kebo nyingi za kuchajia huipima kwanza, zikiikosa huwasha taa nyekundu na kugoma. Si kebo mbovu. Ni nyumba ambayo fundi alizika kipande cha nondo futi moja kwenye mchanga mkavu.

Kwenye soketi ya kawaida weka kebo ampea 10. Ni kama kilowati 2.4, hivyo Leaf ya 24 hujaa kwa saa 10 hivi, ya 40 kwa saa 17. Soketi ya bei rahisi huyeyuka kwa kazi ya namna hii. Baada ya saa moja shika plagi, ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, acha. Kebo iliyokuja na gari Japani imetengenezwa kwa umeme wa huko, na waya wa kuunganishia uliofungwa kwa utepe ndio mwanzo wa moto. Nunua ya volti 220–240 yenye kichwa cha Type 1.

Kama huna safari ndefu kesho, simama kwenye 80%. Na anayekaa Limuru akishuka mjini asijaze 100%: betri iliyojaa haina pa kupokea umeme wa mteremko, breki zitafanya kazi yote.

Je, ni nafuu kweli?

Fanya hesabu kwa bei za leo za kwako. Kilomita 100 za Leaf hutaka kama uniti 15 kwenye betri, na ukutani uniti 17 au 18 kwa sababu sehemu hupotea wakati wa kuchaji. Aqua iliyo salama hula lita 5 au chini kidogo kwa umbali huohuo. Zidisha kila kimoja kwa bei yake, kisha ongeza ukweli kwamba Leaf haibadilishwi oili.

Magari ya umeme ya Kichina yanachajika hapa?

Angalia soketi kabla ya rangi. Lililotengenezwa kuuzwa nje huwa na CCS2. Lililokuwa la soko la China lina GB/T. Leaf ya Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Vituo havina vyote, kwa hiyo zunguka kwanza ujue vya njia yako. BYD hutumia betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti), ambazo hazisumbuliwi na kujazwa 100% kama zile za Leaf.

Vipi mvua na mafuriko?

Betri ya Leaf imefungwa isiingie maji. Ya Aqua hupumua hewa ya ndani na iko chini ya kiti. Maji yakifika sakafuni, imeguswa. Lizime, usilijaribu, livutwe. Unaponunua, inua zulia na uchunguze boliti za viti: kutu hapo na harufu ya uvundo vinaeleza historia kuliko karatasi ya mnada. Kuosha injini kwa mashine ya presha, achana nako.

Niko Dar. Si heri nifunge gesi?

Kwa teksi na bajaji zinazotembea siku nzima, mara nyingi ndiyo. Gesi asilia ya Songo Songo inazalishwa tangu 2004, inauzwa kwa kilo, na kilo 1 hufanya kazi ya karibu lita 1.5 za petroli. Mtungi wa chuma wa lita 60 hubeba kama kilo 10 kwa presha ya bar 200. Mtungi wenyewe una uzito wa karibu kilo 60, kwa hiyo buti umelipoteza na springi za nyuma zitalalamika.

Gari huwaka kwa petroli, kisha hubadili maji ya injini yakipata joto, kwa kuwa kipunguza presha hupozwa sana na gesi inayopanuka na bila maji ya moto kinaganda. Acha petroli isipungue robo tangi: pampu iliyo ndani hupozwa na petroli hiyohiyo, na madereva wanaotembea na mshale chini kabisa ndio wanaonunua pampu kila mara. Plagi ziwe na mwanya mdogo kidogo, filta za gesi zibadilishwe, vali zikaguliwe. Nguvu hupungua kama asilimia 10.

Ufungaji ufanyike kwenye kituo kinachotambuliwa. DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) ni mojawapo. Soma tarehe ya kipimo iliyogongwa kwenye mtungi. Kuhusu mtungi wa gesi ya kupikia ndani ya gari: hapana, kwa namna yoyote. Gesi asilia ikivuja hupaa, ya kupikia hulala sakafuni ikisubiri cheche.

Na hidrojeni?

Toyota Mirai ipo tangu 2014 na inahitaji kituo cha kujaza kwa bar 700. Ukiiona mnadani kwa bei ya kutupa, ndiyo sababu.

Umeme wenyewe si unatokana na mafuta?

Kenya, takriban asilimia 90 ya umeme ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, pamoja na gesi yake.

Fundi wa mtaani anaweza kugusa?

Oili, breki za nyuma, shoki, taa: ndiyo. Waya wowote wa rangi ya chungwa: si mpaka awe na glavu za volti 1,000 zisizo na tundu (azipulize hewa kuzipima), azime gari, apeleke ufunguo mbali, atoe ncha hasi ya betri ndogo, achomoe plagi ya usalama ya betri kubwa aiweke mfukoni mwake mwenyewe, na angoje dakika 10 ili kapasita za inveta zijimalize. Baada ya hapo apime kwa mita kabla ya kushika. Akikuambia yeye hufanya bila hayo yote, chukua ufunguo wako uondoke.